Mwalimu Aliyetuchagulia Nyoka

Mwalimu alikuwa akiogopa mjusi. Mjusi yule mdogo wa ukutani, asiyemdhuru mtu, akimwona tu anapanda juu ya kiti na kupiga kelele mpaka mtu aje na ufagio. Na wakati huo huo chumba cha pili cha nyumba yake, kile alichokuwa akilala marehemu mumewe, kilijaa nyoka ndani ya masanduku ya kioo, ukuta hadi ukuta. Ukimuuliza, alikujibu kwa uso mkavu:

"Mjusi ana miguu, mwanangu. Mwenye miguu hujui atakwenda wapi."

Tulikuwa jirani zake Hamriya, huku nchi ya Waarabu, ukuta kwa ukuta, katika mitaa ya nyuma ya maduka, ambako ukifungua mlango unauona mlima umesimama juu ya mapaa ya nyumba kama uliokuja kuuliza jambo. Alikuwa amestaafu kusomesha sayansi skuli ya wasichana, lakini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata Wapakistani wa duka la matairi walimwita Mwalimu, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazee wake.

Friza yake ilikuwa na pande mbili. Kulia nguru na kuku; kushoto panya, wamefungwa mmoja mmoja ndani ya plastiki kama pipi. Wageni walioligundua hilo walimaliza kahawa yao haraka, wakakumbuka kwamba wana safari. Alhamisi asubuhi aliendesha gari lake mpaka pwani ya Bustan kuokota vigogo vilivyotupwa na bahari, akavitia ndani ya tanuri kuua wadudu kabla ya kuwapa nyoka wapandie. Jioni yake tanuri ile ile ilitoa mkate wa kumimina. Mdogo wangu anayenifuata, Zuwena, ambaye mdomo wake haujapata kupumzika, alimwambia siku moja:

"Mwalimu, mkate wako una ladha ya pwani."

"Kula, we mtoto. Chumvi umepata bure."

Alisali kwa wakati. Kabla ya kutawadha alinawa mikono kwanza kwa sabuni, na akisema kwamba sabuni ni kwa ajili ya nyoka na maji ni kwa ajili ya Mungu. Wako waliomsema, bila shaka. Mwanamke mzima, hajia, anafuga nyoka! Mara moja wanaume wa msikitini walimtuma mmoja wao aje kumnasihi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia kahawa, kisha akasema:

"Dini imetufundisha nyoka wa nyumbani aonywe kwanza, ndipo auawe. Miye nawaonya kila siku. Hawataki kuondoka."

Yule bwana alicheka hata akamwaga kahawa, na hakurudi tena na maneno hayo.

Nyoka wake wote walikuwa wa aina moja, wale ambao Wazungu huwaita nyoka wa mahindi. Hawana sumu, hawawi wakubwa sana, na tumboni wana madoa meusi na meupe yaliyopangana kama punje za mahindi ya rangi mbili. Jozi ya kwanza aliachiwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihama nchi na hakujua awafanye nini. Wakazaa, na watoto wao wakazaa. Watu wakaanza kuja, wengi wao vijana wenye pesa za baba zao, kutaka nyoka wa kuringia. Wengi aliwarudisha mikono mitupu. Aliyempa alimpa baada ya kumchosha kwa maswali, na kila mmoja alilazimika kusikia amri zake, ambazo mtaa mzima tulizijua kwa moyo: asili kwanza, tabia pili, rangi mwisho.

Asili maana yake ujue katotolewa wapi, mama yake nani, baba yake nani, na kama kesha kula mwenyewe kabla ya kutoka kwao. Nyoka aliyekamatwa porini, akatiwa guniani, akapandishwa ndege, anafika na vidonda mdomoni na ghadhabu ya safari nzima, na mtu humlaumu kwa kuuma. Kulikuwa na muuza ndege mmoja sokoni aliyejaribu kumuuzia wa namna hiyo.

"Mama, huyu kazaliwa ndani, wallahi," alisema yule muuza ndege.

Mwalimu alivaa miwani, akamgeuza yule nyoka, akamnyanyua gamba kwa ukucha. "Na hawa kupe nao kazaliwa nao ndani?"

Hata hivyo alimchukua. Alimkalia mwezi mzima kumtoa kupe kwa kibanzi na mafuta, na alipokufa alinuna juma zima. Ndivyo alivyokuwa: mkali kwa sheria zake mpaka pale mnyonge alipoletwa mlangoni.

Tabia aliipima kwa mkono. Humshiki nyoka kutoka juu, kwa sababu kila kinachomjia kutoka juu, yeye anakijua kuwa ni mwewe. Unatia kiganja chini yake, unangoja. Akikimbia kutoka mkono huu kwenda huu, basi ni utoto tu. Akijizungusha polepole na ulimi nje, anakuulizia habari zako, na huyo ni mzuri. Lakini yupo anayekaa mkononi mkavu kama ukuti.

"Huyo ndiye watu wanayempenda," alisema Mwalimu. "Wanasema katulia. Hakutulia, kaganda. Utulivu na woga, ukivitazama kwa mbali, ni kitu kimoja."

Na rangi? Hapo alikuwa na dharau kidogo, kama mpishi anayeulizwa habari za sahani. Wa kawaida ana rangi ya chungwa na mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi. Yuko aliyekosa weusi, akabaki mwekundu na manjano, macho kama zabibu. Yuko aliyekosa wekundu, akawa kijivu. Na mara moja moja, ukioanisha wanaofaa, hutoka aliyekosa vyote viwili, mweupe kabisa, mwenye macho ya waridi. Watu walimlilia huyo. Mwalimu alisema kwamba weupe ule si rangi, ni upungufu, na mtu anayemchagua nyoka kwa rangi atamchoka kabla hajavua gamba la pili.

Alizitumia amri hizo kwa kila kitu. Ilipokuja posa yangu ya kwanza, kutoka kwa kijana mmoja mzuri wa sura, aliuliza jamaa zake ni nani, akauliza akikasirika anafanyaje, na nilipoanza kueleza urefu wake alininyamazisha kwa mkono.

Posa hiyo niliikataa, na zilizofuata pia, lakini si kwa ajili ya maswali ya Mwalimu. Wazee wetu walifariki siku moja, kwenye barabara ya Nizwa, gari lao dogo na lori. Mimi nilikuwa mkubwa. Ilikuwa ama niache skuli nibebe nyumba, ama tugawanywe: Zuwena kwa ami, Salma kwa shangazi, na mimi niozwe. Nikaacha. Nikajifunza kushona mabuibui, nikashonea nyumbani. Mwalimu hakunisamehe hata kidogo, na hakuna mtu aliyeniletea kazi nyingi kumshinda. Alikuja na vitambaa vyake nimpime, na nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni anauliza:

"Moyo wa binadamu una vyumba vingapi?"

"Vinne, Mwalimu."

"Wa chura?"

"Vitatu."

"Haya, shona."

Salma ndiye mdogo wetu wa mwisho. Wazee walipofariki alikuwa amekwisha vunja ungo, mwembamba, mcheshi, mtoto wa kuiga sauti za watu mpaka unaumwa mbavu. Tangu siku ya msiba hakusema. Alikula akiwekewa, alioga akiambiwa, alikaa chumbani upande wa kitanda uliokaribia ukuta. Skuli walimrudisha nyumbani. Daktari alisema tumpe muda. Shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuja kulala kwetu kila Alhamisi, alimtazama na kumsifu: "Mtoto huyu kapewa subira, mashallah. Hajalia hata chozi." Na mimi nilitaka sana iwe subira.

Mwalimu alikuja siku moja kupima pindo. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha Salma, akamtazama muda mrefu, buibui bado lina pini. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia vijana wa nyoka: hakutulia, kaganda.

Kuanzia hapo sikuwa na kazi nyingine duniani. Nilishona, nilipika, niligombana na Zuwena, lakini chini ya yote hayo nilikuwa nikifanya jambo moja: nataka Salma aseme. Mwalimu naye alijitia ndani ya jambo hilo bila kuombwa. Akamtaka aje kukaa kwake alasiri, katika kile chumba. Hakumwuliza kitu. Alifanya kazi zake, akisafisha vioo, akibadilisha maji, akisimulia kwa sauti kana kwamba yuko peke yake. Salma alikaa kwenye kiti cha marehemu, akiangalia. Baada ya muda mrefu niliona macho yake yanafuata kitu. Macho tu. Lakini nililia jikoni kwangu kwa ajili ya macho.

"Sasa tumchagulie wake," Mwalimu alisema.

Alishamtayarishia. Dume wa rangi ya kawaida, mtoto wa jozi ile ya kwanza, mlaji mzuri, mpole. Alimweka kwenye viganja vya Salma. Nyoka akajizungusha polepole, akapeleka ulimi kwenye kidole gumba. Mwalimu akanitazama kwa fahari. Salma hakuwa akimwangalia. Alikuwa akitazama sanduku la pembeni, ambamo yule mweupe alikuwa amejikunja juu ya kigogo.

"Yule hapana," Mwalimu alisema. "Yule mzuri wa kutazama. Huyu ndiye wako."

Salma akasema, "Namtaka yule."

Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa miaka. Nilishika fremu ya mlango. Mwalimu alifungua mdomo, na nikaliona somo zima likiwa tayari pale, asili, tabia, rangi. Akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa tena.

"Mchukue," alisema.

Naandika miezi iliyofuata kwa uangalifu, maana ndiyo tuliyokuwa nayo. Kwanza Salma alisema na nyoka. Kisha akasema nasi habari za nyoka. "Dada, kala." "Dada, macho yake yamekuwa ya maziwa, anataka kuvua gamba, usimwashie taa." Zuwena akamwambia, "Na mimi nikigeuka maziwa macho utanizimia taa?" na Salma akacheka. Alitoka nyumbani peke yake kwenda kwa Mwalimu kuchukua panya. Akakubali kwamba muhula ukifunguliwa atarudi skuli. Nilimshonea sare. Sare ile niliishona mishono miwili kila mahali, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipasuka.

Shangazi alipomwona yule nyoka mara ya kwanza hakupiga kelele kama tulivyotarajia. Alisimama, akajitengeneza mtandio, akatoa salamu.

"Shangazi, unamwamkia nyoka?" Zuwena alimuuliza.

"Nyamaza, huna adabu we. Mweupe vile, kaingia nyumba ya mayatima, nyie mnadhani kaja mwenyewe tu?"

"Katotolewa kwa Mwalimu, Shangazi. Mimi mwenyewe nimeliona yai."

"Katotolewa. Haya."

Tukacheka, tukasahau. Hatukujua kwamba kila Alhamisi, mimi na Zuwena tukienda kupeleka mabuibui ya watu na Salma akiwa kwa Mwalimu, Shangazi alifunga dirisha la kile chumba, akawasha chetezo cha udi, akafungua kifuniko cha sanduku. Alikiweka chetezo ndani, akalifunika sanduku lote kwa kanga, kama tunavyofukiza nguo za harusi, kama tunavyomfukiza mgeni tunayemheshimu. Kisha akachukua mrashi, akamnyunyizia maji ya waridi. Akamwomba atulinde. Nyumba yetu, kama nyumba zote, ilinuka udi siku zote. Nani angeshtuka?

Salma ndiye aliyesikia kwanza. Nyoka alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, anavuta pumzi kwa sauti kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Povu lilitoka pembeni mwa mdomo. Salma akamtia ndani ya buibui, akatoka mbio miguu mitupu, nasi nyuma yake, Shangazi wa mwisho.

Mwalimu alimpokea juu ya meza. Hakukuwa na daktari wa kumpelekea. Madaktari wa wanyama tuliowajua walikuwa wa ngamia na mbuzi. Alimtazama mdomo, akamweka sikioni, kisha akamsogeza puani. Akakaa hivyo.

"Huyu ananuka udi," alisema. "Si nguo zenu. Yeye." Akaniangalia. "Nani anamfukiza?"

"Miye," Shangazi alijibu nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Nani atamheshimu kama si miye? Mmemtia mgeni ndani ya sanduku, hata ubani hamumpi."

Mwalimu hakupandisha sauti. "Bibi, pafu lake linalofanya kazi ni moja tu. Jembamba kama utambi."

Shangazi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Salma alisikia yote. Alimtazama Shangazi, akamtazama Mwalimu, na mimi nikamwona akirudi nyuma bila kusogea mguu. Mwalimu alimweka nyoka chini ya taa ya joto, akamfuta mdomo kwa pamba, akampa dawa ya watu aliyoipunguza kwa kukisia. Nyoka aliishi siku chache tu. Alikufa mapajani mwa Salma, alasiri, redio ya jirani ikisoma bei za samaki. Salma hakulia. Sare ikabaki kabatini, na sauti ikaondoka tena.

Shangazi hakuja tena Alhamisi. Sikumchukia. Alimpa yule nyoka kilicho bora kabisa alichokuwa nacho.

Mwalimu alikuja mlangoni kwetu baada ya siku hizo. Nilimkaribisha, hakuingia.

"Bibi yangu Unguja alikuwa akimfukizia nyoka mweupe wa shambani, akimwita mlinzi wetu," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu haya, nikiwa mdogo. Nikasoma, nikasomesha, nikasahau. Nikamtoa mweupe nikampeleka kwenye nyumba yenye shangazi." Alitupia jicho mlango wa chumba cha Salma. "Rangi niliiweka mwisho kwa sababu nyoka hajui rangi yake. Watu wanaijua."

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfanya aseme, na kwamba miezi ile ilikuwa kweli. Alitikisa kichwa kama ninavyotikisa mimi nikionyeshwa mshono uliopinda.

Mwaka ule jike lake kubwa lilitaga. Aliyakusanya mayai, akayatia kwenye friza, upande wa kushoto. Masanduku akayatoa moja moja kwa watu, nyoka wakiwa ndani, bila maswali, hata kwa wale vijana wa kuringa. Niliingia kwake siku moja nikamkuta amekaa chumba kitupu, na mjusi anapita ukutani, na yeye anamtazama tu.

Miaka ikaenda. Zuwena akaolewa mji wa mbali, Sohar. Mwalimu akachukuliwa na mtoto wa dada yake, akahamia mtaa wa Azaiba, nyumba kubwa nyeupe yenye marumaru, ambako hakuna mtu aliyemwita Mwalimu. Kila nilipokwenda kumwona, kabla sijavua buibui, aliuliza, "Amesema?" Na mimi niliyejifunza kumjibu maswali yake yote, hilo nililijibu kwa neno moja, tena na tena. Salma kwa wakati huo alikuwa mwanamke mzima. Alipika, alipiga pasi, alisema ndiyo na la na "maji yamekwisha". Zaidi ya hapo hapana.

Mara ya mwisho Mwalimu aliniomba nimlete. Alikuwa hawezi tena kusimama. Nilimwambia Salma bila matumaini, naye akaenda kuvaa buibui.

Tulimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mpwa wake alituletea sinia la kahawa akatuacha. Mwalimu alimtaka Salma akae karibu, akamtazama usoni kwa muda, akiwa anakusanya pumzi.

"Mwanangu," alisema, "nilikupa yule nyoka na sikufikiri. Nikijua, na sikufikiri. Nnakuomba radhi kabla sijaondoka."

Salma alikuwa ameshika kikombe. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgonjwa wa watu wengine.

"Nyoka gani, bibi?" alisema.

Mwalimu alinigeukia, nami nilitazama sinia. Nilitaka kusema kitu, na kila nilichokipata kilikuwa cha kumwumiza mmoja wao.

"Hapana kitu," Mwalimu alisema mwishowe. "Kunywa kahawa, mwanangu. Itapoa."

Salma akanywa. Tukaaga. Njia nzima ndani ya teksi nilimwangalia ubavuni, taa za barabara zikipita usoni pake, nikijaribu kujua kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa amemhurumia yule mzee, au alikuwa amempiga mahali panapouma kuliko pote. Nimemlea tangu msiba na sikuweza kujua. Swali lenyewe sikuliuliza, wala siku ile wala baada ya Mwalimu kuzikwa.

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani mwake. Aliufunga mlango polepole sana, akiushika mpaka ulimi wa kitasa ukaingia bila sauti, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe, kama alivyoufunga miezi ile ya nyoka. Nilibaki ukumbini, buibui langu bado mwilini.